Kioo cha taa ya mbele kimeachana na kasha lake: ninawezaje kuviunganisha bila skrubu?

Mkazi wa Shangani

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaomba msaada wa wale wanaozijua taa za magari kwa undani, kwa sababu jambo hili limekwisha kunigharimu mara mbili na sitaki linigharimu mara ya tatu.

Nina gari dogo la Kijapani ninalolitumia kati ya Mtwara mjini na Masasi, na msimu wa korosho mara nyingi hupanda nalo hadi Newala. Mwaka jana, pale Mnazi Mmoja, baiskeli iliyopakiwa magunia mawili iliniegemea upande wa kushoto, na mpini wake ukaupiga ukingo wa taa ya mbele. Kioo hakikuvunjika, ila kiliachana na kasha lake upande wa juu kwa urefu wa kama shibiri moja. Nililipeleka gari kwa fundi mmoja, ambaye hakuwa na muda wa kufikiri: alitoboa matundu sita kuzunguka ukingo, akapiga skrubu za mabati, akanikabidhi gari kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kwa macho, kazi ilionekana imekaa.

Mvua za Desemba zilipoanza, taa ilianza kushika maji mpaka yakafika kina cha kidole, na kila tundu la skrubu likaota nyufa zilizotawanyika kama miguu ya buibui. Nilirudi, akapaka silikoni ile yenye harufu kali ya siki kila mahali alipoona mwanya. Maji hayakupungua. Kwa kweli ninaona yaliongezeka, ingawa sielewi yalipitia wapi.

Sasa nimenunua taa nyingine ya mtumba ya gari la aina hiyohiyo. Kioo chake ni kizima, lakini kasha lake limevunjika masikio mawili ya kufungia kwenye bodi. Nia yangu ni kuchukua kioo cha hii nikioanishe na kasha la ile ya zamani, bila kupiga skrubu hata moja. Je, inawezekana kwa vifaa vinavyopatikana huku kwetu, na nitumie gundi gani? Pia indiketa ya kona, ile inayokaa ubavuni mwa taa kubwa, imekatika pini yake ya plastiki, na ningependa kujua kama nayo inaweza kushikamana na taa kubwa kwa njia nyingine.

Fundi wa Mikindani

Ndugu yangu wa Shangani, pole kwa usumbufu. Inawezekana, na wala si kazi ya ajabu, ila inataka subira ambayo gereji nyingi haziuzi.

Kwenye taa nyingi za magari ya Kijapani kama hilo lako, kioo hakishikwi kwa skrubu. Kasha lina mfereji unaolizunguka lote, na ukingo wa kioo una ulimi mwembamba unaoingia ndani ya mfereji huo. Kiwandani, mfereji hujazwa gundi nyeusi ya butili, yaani mpira laini unaonata, ikiwa ya moto, ulimi ukazama humo, kisha vishikizo vya plastiki vilivyo pembeni, au klipu za chuma zenye umbo la herufi U, hukibana kioo kisirudi nyuma. Kwa hiyo kazi zimegawanywa: gundi huzuia maji na klipu hubeba nguvu ya mtikisiko. Fundi wako alizipa skrubu kazi zote mbili, nazo haziwezi hata moja, kwa sababu skrubu hubana pale ilipopigwa tu, na katikati ya skrubu mbili plastiki hubaki imepinda kidogo, pakawa na mwanya usioonekana kwa jicho lakini maji yanaujua.

Ni kweli kwamba taa nyingine utazikuta na skrubu mbili tatu za kiwandani, na watu huzitumia kama hoja ya kutoboa nyingine. Ziangalie vizuri: zimepita kwenye masikio yaliyo nje ya mfereji, hazitoboi chumba cha taa hata kidogo.

Kabla ya kufungua, ijue gundi uliyo nayo. Chokoa kipande kidogo cha gundi ya zamani kwenye mfereji kwa bisibisi bapa, ukikande kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikivutika nyuzi nyuzi nyeusi na kukuganda kama ulimbo wa kunasia ndege, hiyo ni butili, na joto la wastani litaifungua. Kikijirudi kama mpira wa ndala na kukatika bila kunata, hiyo ni gundi ya kudumu, ya poliuretani au ya silikoni, nayo hailainiki kwa joto. Itakubidi uikate kidogo kidogo kwa kisu chembamba, na mara nyingi kasha huumia.

Tuseme ni butili. Ondoa globu, vifuniko vya mpira vya nyuma, klipu zote na zile skrubu sita. Iweke taa juu ya ubao ndani ya oveni ya umeme iliyokwisha kufikia nyuzi joto 100, kwa dakika kama kumi, plastiki isiguse chuma cha oveni mahali popote. Mimi hutumia oveni ya jirani yangu anayeoka mikate, na sharti lake ni kwamba niilete taa ikiwa imeoshwa. Usitumie jiko la mkaa, kwa sababu joto lake hulijui na upande mmoja utapinda kabla upande wa pili haujapata vuguvugu. Ukiwa na mashine ya kupuliza hewa ya moto unaweza kuitumia, mradi uisogeze daima na usisimame mahali pamoja.

Ikitoka, vaa glavu nene, anza kwenye kona moja kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, na uvute polepole. Kioo kitaachia kwa sauti ya kunata, kikiacha nyuzi nyeusi. Usivute kwa hasira. Ukingo ukigoma, rudisha ndani ya oveni dakika tano nyingine.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Ile silikoni yenye harufu ya siki lazima itoke yote, hata utando wake, kwa kuwa hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake. Kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu au cha mbao, si kwa kisu, usije ukauchimba mfereji. Ulimi wa kile kioo kizima usafishe vilevile. Kisha laza uzi mpya wa butili wenye unene wa penseli ndani ya mfereji, uwe kipande kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale ncha zinapokutana zipishane kidogo, tena ubavuni na si chini, kwa kuwa chini ndiko maji hukaa. Rudisha taa kwenye joto ili gundi ilainike, kandamiza kioo mpaka vishikizo vilie, rudisha klipu, kisha iache ipoe ikiwa imebanwa.

Kwa kubana, hakuna kinachoshinda tyubu ya baiskeli. Ikate mikanda mirefu yenye upana wa vidole viwili, uizungushe taa kwa mvutano wa wastani ukipishanisha mikanda, na uiache hadi kesho yake. Mpira hubana pote sawasawa, ilhali jiliwa hubana sehemu moja na kukuachia alama.

Mwalimu wa Karakana

Ninaunga mkono maelezo ya Fundi wa Mikindani, na ningependa kuongeza sababu zilizo nyuma yake, kwa kuwa mtu akizijua ataweza kuamua mwenyewe hata kwenye taa ambayo hatujaitaja hapa.

Tunaita kioo kwa mazoea, lakini kwenye magari ya miaka hii ni plastiki. Ukigeuza taa na kuikagua kwa tochi, utaona herufi ndogo zilizobonyezwa kati ya alama mbili za mishale. Kwenye kioo cha taa ya mbele kwa kawaida zitasomeka PC, yaani polikaboneti. Kwenye kasha utaona PP, yaani polipropilini, mara nyingi ikifuatiwa na herufi na tarakimu zinazoonyesha kwamba imechanganywa na unga wa talki au nyuzi za kioo. Taa za nyuma ni ukoo mwingine: kioo chake huwa ni akriliki, inayoandikwa PMMA, na kasha lake huwa ni plastiki ya aina ya ABS au ASA. Herufi hizo ndizo zinazoamua njia ya kuunganisha, kuliko umbo la taa au bei yake.

Akriliki na ABS zinaelewana zikiyeyushwa pamoja. Ndiyo maana kiwandani taa za nyuma huunganishwa bila gundi wala skrubu: kingo mbili husuguliwa moja juu ya nyingine kwa mtikisiko wa kasi mpaka ziyeyuke na kugandana, au huguswa kwenye bamba la moto kisha zikabanwa, au mwali wa leza hupitishwa kwenye kioo chekundu hadi kwenye kasha jeusi, ambalo hunyonya nuru hiyo, likapata joto na kushikana na kioo palepale kwenye mpaka wao. Kiungo cha namna hiyo hakifunguki tena. Mtu anayekuahidi kuitenganisha taa ya nyuma kwa joto la oveni bila kuiharibu, mwombe akuonyeshe kwanza moja aliyowahi kuifungua.

Polikaboneti na polipropilini hazielewani hata ukiziyeyusha pamoja. Zaidi ya hayo, polipropilini ina uso mgumu wa kushikika: tone la maji juu yake hujikunja kama linavyojikunja juu ya jani la gimbi, na gundi nyingi hufanya vilevile, zikakauka vizuri kisha zikabanduka kama gamba. Butili hupona kwa sababu haikauki kamwe. Hubaki inanata, ikilala kwenye kila kibonde cha mfereji, na inaposukumwa hujongea pamoja na plastiki badala ya kupasuka.

Kujongea huko si jambo dogo. Kipande cha polikaboneti chenye urefu wa sentimita 50 kikipanda joto kwa nyuzi 60, kutoka 25 hadi 85, hurefuka kwa takriban milimita mbili, na polipropilini isiyochanganywa na kitu inaweza kurefuka karibu mara mbili ya hapo. Gari lililoegeshwa juani pale stendi saa nane mchana, kisha likawashwa taa, halafu likapigwa na mvua njiani, hupitia safari hiyo ya kurefuka na kufupika ndani ya saa chache. Skrubu haijongei. Kila inapozuia plastiki kurefuka, nguvu yote hujikusanya kwenye kingo za tundu, na hapo ndipo ile miguu ya buibui inapozaliwa. Mafuta yaliyobaki kwenye skrubu, petroli na tina ya kuzimulia rangi huharakisha nyufa hizo, kwa sababu polikaboneti iliyo kwenye mkazo haivumilii vimiminika vya aina hiyo. Safisha kioo kwa maji na sabuni laini tu, na ulimi wake uufute kwa spiriti kabla ya kugandisha.

Supaglu nayo isiingie kabisa ndani ya taa. Mvuke wake hutua kwenye kioo na kwenye rifleta, ile sehemu ya ndani inayong'aa na kurudisha mwanga mbele, ukaacha ukungu mweupe. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo, ikifungiwa ndani ya chumba kidogo, hushambulia utando wa alumini wa rifleta na vituo vya shaba vya soketi. Zipo silikoni zisizo na harufu hiyo, na mtu akilazimika kutumia silikoni atafute hizo.

Kuhusu indiketa ya kona, nitoe njia moja. Ikiwa kasha lake limeandikwa ABS, chukua vipande vya ABS vilivyovunjika, kwa mfano vya kasha la taa ya nyuma iliyokufa, uvikatekate ndani ya kopo la kioo lenye asetoni kidogo, uvifunike hadi kesho. Utapata uji mzito. Uji huo ukipakwa kwenye kisiki cha pini iliyokatika na kwenye kipande kipya, huyeyusha nyuso zote mbili, na asetoni ikishavukizwa kinachobaki ni plastiki ileile. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, na kwa hali yoyote asetoni isiguse kioo cha polikaboneti wala cha akriliki, kwa maana vitapata ukungu na nyufa papo hapo. Kama kasha la indiketa ni PP, uji huo hautafaa kitu.

Dereva wa Uwanda wa Makonde

Walimu wangu mmesema vizuri, ila nina neno la upande wa pili, kwa kuwa mimi si fundi bali ni mtu wa barabarani.

Butili ninaiheshimu, lakini kwenye barabara ya makorogesho nimeiona ikishindwa. Gari langu hupanda Newala likiwa limejaa na kushuka likiwa limejaa zaidi, na miaka ya nyuma, kabla lami haijafika sehemu nyingi, taa iliyogandishwa kwa butili ilianza kucheza ndani ya mfereji, kioo kikawa kinagonga bampa kwa sauti ya kijiko ndani ya bilauri. Nikaamua kutumia gundi ya poliuretani, ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Imeshika misimu mitatu bila tone la maji.

Hata hivyo, niwe mkweli. Mwaka huu kile kijigurudumu cha ndani kinachoinua na kushusha mwanga kimevunjika, na sasa ninatafuta mtu wa kuifungua taa hiyo bila kuivunja, na sijampata. Nimebaki na taa isiyovuja hata tone, inayomulika vilele vya mikorosho.

Fundi wa Mikindani

Ndugu Dereva, nimecheka, lakini pole. Taa yako haikushindwa na butili, ilishindwa na klipu. Kioo kinachocheza ndani ya mfereji kina vishikizo vilivyovunjika au klipu zilizopotea, na mara nyingi zilipotea mikononi mwetu sisi mafundi tulipoifungua mara ya kwanza tukasema zitatosha zilizobaki. Klipu ya chuma ya umbo la U mtu anaweza kuitengeneza kwa ukanda mwembamba wa chuma cha springi, na hata ule wa kifungio cha bomba unafaa. Ukanda huo ukunjwe ukiwa na mdomo mwembamba kuliko unene wa ukingo, ili uingie kwa kusukumwa. Zingatia tu kwamba huku kwetu upepo wa bahari hauchelewi kukilisha chuma kutu, kwa hiyo upake rangi au grisi nyepesi kabla ya kuupachika, na grisi isiguse kioo.

Pia nikuulize globu uliyoweka ni ya wati ngapi. Globu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa mwanga mkubwa na 55 kwa mwanga mdogo. Nimefungua taa nyingi zenye globu za wati 100 na 90, na humo butili imechuruzika hadi chini kama machozi meusi, rifleta imebadilika rangi juu ya globu, na waya wa soketi umekauka ukavunjika ukiguswa. Hapo si haki kuilaumu gundi.

Muuza Spea, Lindi

Kaka wa Shangani, mimi ninauza taa za mtumba hapa Lindi, na nina tahadhari mbili kabla hujaanza kuvichanganya vioo na makasha.

Ya kwanza ni kwamba taa mbili za gari la jina moja zinaweza kutofautiana. Magari hubadilishwa sura katikati ya miaka yake ya kutengenezwa, na kioo cha toleo la mwanzo kinaweza kuingia nusu tu kwenye kasha la toleo la mwisho. Linganisha namba zilizoandikwa juu ya kioo na zile za nyuma ya kasha, halafu ukijaribishe kioo kikiwa kikavu, bila gundi, ulimi wake ufuate mfereji pande zote. Ukiona unalazimika kukikunja kidogo ili kiingie kona ya mwisho, acha. Kitaingia leo, kesho kitajitoa chenyewe, au kitapasuka.

Ya pili ni nchi taa ilikotoka. Tanzania tunaendesha upande wa kushoto kama Japani, kwa hiyo mwanga mdogo wa taa zetu hupanda kidogo kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa barabara walipo watembea kwa miguu. Taa iliyotoka kwenye nchi zinazoendesha kulia hufanya kinyume, ikampiga machoni anayekuja mbele yako. Kwenye taa za zamani zenye kioo cha mistari, mistari hiyo ndiyo inayogawa mwanga, na ukibadilisha kioo umebadilisha mwanga wote. Kwenye taa zenye kioo kisicho na mistari, kazi hiyo hufanywa na rifleta au lenzi ya ndani, kwa hiyo kasha ndilo la kuchunguza.

Na wateja wangu wengi hawaniulizi hayo. Huuliza bei, halafu huuliza kama taa inang'aa.

Mkazi wa Shangani

Ninawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nimefanya kazi hiyo mwishoni mwa wiki, na ninaona ni haki nirudishe taarifa, pamoja na makosa yangu.

Nilianza kwa kukijaribu kioo kikiwa kikavu kama dada wa Lindi alivyoelekeza, na kiliingia vizuri. Kwenye kioo nilisoma PC na kwenye kasha PP, sawasawa na maneno ya Mwalimu. Gundi ya zamani ilivutika nyuzi nyeusi zilizonishinda kuzitoa vidoleni hata kwa mafuta ya taa. Butili mpya niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, nayo ilikuwa katika umbo la utepe uliokunjwa pamoja na karatasi.

Nilipokuwa ninakwangua silikoni, niliona jambo lililonifungua macho. Chini ya kasha, upande wa nyuma, palikuwa na kijibomba kifupi cha mpira kilichopinda kuelekea chini, na yule fundi alikuwa amekijaza silikoni hadi mdomoni. Kingine cha juu nacho kilizibwa vilevile. Nilidhani labda ni tundu la waya lisilotumika, lakini nilipokizibua, yalitoka maji ya rangi ya chai.

Kosa langu lilikuwa kwenye rifleta. Niliona alama ya kidole changu juu yake, nikaifuta kwa kona ya fulana safi, polepole kabisa, na pale nilipofuta mng'ao ulitoka ukabaki weusi wa ukubwa wa sarafu. Sikufuta tena. Indiketa ya kona ilikuwa ABS, na ule uji wa asetoni umeshika kiasi kwamba nimeweza kuivuta ile springi ndogo inayoiunganisha na taa kubwa na kuipachika kwenye ndoano yake bila wasiwasi.

Taa imekaa siku mbili ikiwa imefungwa mikanda ya tyubu, na jana nimeimwagia maji ya mpira kwa robo saa bila kuona tone. Swali lililobaki ni hili: asubuhi ya leo, baada ya umande wa usiku, niliona ukungu mwembamba ndani ya kona moja ya kioo, ukatoweka nilipowasha taa. Je, nimekosea kuvizibua vile vijibomba, au kuna mahali panapovuja?

Mwalimu wa Karakana

Kuhusu rifleta, usijilaumu sana. Ule mng'ao ni utando wa alumini uliopakwa ndani ya chumba kisicho na hewa, na ni mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa, kwa hiyo hata pamba safi huweza kuuondoa. Vumbi la rifleta hupulizwa kwa hewa tu. Doa la ukubwa wa sarafu halitaupunguza mwanga wako kwa kiwango cha kukuzuia kuendesha, mradi haliko karibu na globu.

Fundi wa Mikindani

Umefanya vema kuvizibua, na kuzibwa kwake ndicho chanzo cha maji yako yote. Taa haifungwi kama chupa. Ikiwashwa, hewa ya ndani hupata moto na kupanuka, ikatafuta pa kutokea. Ikizimwa, au ikapigwa na mvua ghafla, hewa hujikunyata na taa huvuta pumzi kutoka nje. Ikiwa vijibomba viko wazi, huvuta hewa kupitia humo, na kwa kuwa vimeelekezwa chini, maji hayapandi. Vikizibwa, huvuta kupitia popote penye mwanya, na kwako mianya ilikuwa kwenye yale matundu sita, ambayo kila mvua iliponyesha yalikuwa yamejaa maji. Kwa hiyo taa yako ilikuwa inayanywa maji, tena ikinyimwa pa kuyatemea.

Ukungu mwembamba wa asubuhi unaotoweka ndani ya nusu saa taa ikiwaka ni unyevu wa hewa yetu ya pwani tu, na hata taa mpya huupata. Ukiona matone yanayochuruzika na kukusanyika chini, hapo ndipo pana mvujo, na utafute kuanzia pale ncha mbili za butili zilipokutana.

Kabla hujaenda Masasi usiku, upime mwanga. Lisimamishe gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, liwe na uzito wa kawaida na tairi zenye upepo sawa. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, uweke alama ya chaki ukutani kwa urefu huo, kisha ushuke sentimita 10 na uweke alama ya pili. Ukingo wa juu wa mwanga mdogo unapaswa kulala kwenye alama hiyo ya chini, ukipanda upande wa kushoto. Ukishaurekebisha, izungushe mikanda ya tyubu siku moja zaidi, kwa sababu hiyo butili ya utepe huchelewa kutulia kuliko ile inayomiminwa kiwandani.